Rudi pale pale ulipopigia picha ya kwanza

Kama ndiyo kwanza unaanza kupiga picha za hifadhi, lenzi ndefu ya kupigia simba iweke kando. Anza na ardhi. Simba wana wapiga picha wengi, ila ushoroba, yaani njia ya wanyama kati ya hifadhi na hifadhi, unaozibwa nyumba moja baada ya nyingine haupigwi na mtu mpaka siku umefungika kabisa.

Mimi nilijifunzia Kwakuchinja, njia ya wanyama iliyo kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, pale inapokatwa na barabara kuu ya Arusha–Dodoma. Kiangazi wanyama hubanana Mto Tarangire kufuata maji. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia hutoka, wengine kwenda mbuga za Simanjiro, wengine kaskazini upande wa Ziwa Natron, wakazalie huko kwenye majani mabichi yenye madini. Hifadhi ya Tarangire ina kilomita za mraba 2,850 na bado haiwatoshi. Kazi yako iko nje ya mpaka.

Mwaka wa kwanza nilikuwa na picha nzuri ya mbuyu, jua linazama nyuma yake. Nikaipeleka kwenye kikao cha kijiji cha matumizi ya ardhi. Mzee mmoja akaishika, akaisogeza mbali na macho, akaniuliza: "Mwanangu, hapa ni wapi? Na nyumbu wanapita upande gani?" Sikuwa na jibu. Siku ya kupiga picha ile nilichuchumaa makusudi ili uzio na bati la nyumba visionekane, na kikao kilikuwa kinajadili uzio huo huo.

Kwa hiyo chagua vituo vichache vya kupigia picha, kumi vinatosha, uwe unavirudia. Kila kituo kiandikie daftarini vipimo vya GPS, uelekeo wa dira, saa, lenzi na kimo cha kamera. Kwa kimo natumia kamba yenye fundo: ncha naikanyaga, fundo linafika usawa wa lenzi. Ndani ya picha ziwepo alama mbili zisizohama, mfano kilele cha mlima na mti mkubwa. Kichuguu usikitegemee, mvua hukibomoa. Na urudi mwezi ule ule. Ukilinganisha picha ya Aprili na ya Septemba utalia kwamba ardhi imekufa, kumbe ni kiangazi tu.

Picha ina nguvu kweli. Picha alizopiga William Henry Jackson kule Yellowstone mwaka 1871 zilifika mbele ya wabunge wa Marekani, na 1872 sheria ya kuifanya Yellowstone hifadhi ya taifa ikapita. Lakini picha yenye nguvu hiyo inaweza pia kumtoa mfugaji kwenye malisho yake, kwa hiyo usipige boma la mtu kama ushahidi kabla hujakaa naye akakueleza amefikaje hapo na mifugo yake inapita wapi.

Faru au kiota ukikipiga, futa taarifa za mahali kwenye faili kabla hujamtumia yeyote. Majangili nao wanasoma GPS. Droni usirushe hifadhini bila kibali.

Picha za vituo zichapishe kwenye karatasi, kubwa, uiachie ofisi ya kijiji nakala. Kikao hufanyika chini ya mti, na kwenye jua lile kioo cha simu hakionyeshi kitu.