Metafezi na anafezi: acha kukariri michoro

Mdogo wangu wa Masasi, umesema kila jaribio unachanganya metafezi na anafezi, hatua mbili za seli kugawanyika. Nami nilikwama hapohapo nikisoma Lindi. Kilichonisaidia ni uzi. Funga nyuzi mbili fundo katikati: nyuzi ni kromatidi dada, yaani nakala mbili za kromosomu moja, na fundo ni sentromia, mahali zinaposhikana. Kwenye metafezi, kamba za spindeli (vijinyuzi vinavyotoka ncha mbili za seli) huvuta fundo kutoka pande zote mbili, ndiyo maana kromosomu hujipanga katikati ya seli. Seli husubiri mpaka kromosomu ya mwisho ikamatwe, jambo linalonigusa hadi leo. Kisha kimeng'enya cha separesi hukata gundi inayowashikanisha dada, kamba hufupika, kila dada huvutwa upande wake: hiyo anafezi.

Hadhari kwenye hesabu: dada wa kromosomu 46 za binadamu wakiachana, kila mmoja huhesabiwa kromosomu, hivyo huwa 92 kabla seli haijagawanyika. Ukiendelea kukwama, mwombe mwalimu darubini na ncha ya mzizi wa kitunguu, ujionee hatua hizo.