Jibu: Miche ya tishu si ndizi mpya

Ndugu wa Luanda, umeuliza kama miche ya ndizi ya tishu uliyonunua, yaani iliyokuzwa maabara kutoka kipande cha mgomba, "imeboreshwa". Hapana. Maabara imekupa mche safi tu, usio na ugonjwa; ndizi ni ileile ya mama yake.

Kuboresha ni kuchavusha aina mbili upate mbegu, na hapo ndipo pagumu. Migomba yetu mingi ina seti tatu za kromosomu (nyuzi za urithi) badala ya mbili, hivyo ni vigumu kutoa mbegu; ndiyo maana ukikata ndizi unaona vidoa vyeusi tu pale mbegu ingekaa. Uganda, watafiti wa NARO (shirika la utafiti wa kilimo la Uganda) na IITA (taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki) walianza na matoke na mgomba pori, Calcutta 4, unaostahimili sigatoka nyeusi, ugonjwa wa majani. Uzao huo wakauchavusha tena, zikapatikana ndizi chotara ziitwazo NARITA.

Mimi hapa Maseno nina FHIA-17, ndizi chotara ya Honduras. Mkungu mkubwa kweli, ila mke wangu haitaki jikoni!

Miche yako usiipande palipokuwa na mgomba ulionyauka kwa ugonjwa. Usafi wa mche si kinga.