Ukihamishwa kazi kila mara, mtazame Mike Sillinger

Ndugu zangu mnaoishi kwa mikataba mifupi, ushauri wangu wa leo unatoka kwenye hoki ya barafuni. Naishi Columbus, Ohio, na nafanya kazi za maghala. Wakala wa ajira akisema Jumatatu uripoti ghala jingine, unaripoti. Wengi wetu huupokea uhamisho kama aibu, kana kwamba tumekataliwa.

Mike Sillinger, Mkanada wa Regina, alichezea timu 12 za NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada. Hiyo ni rekodi. Katika ligi ile klabu hubadilishana wachezaji bila kuwauliza, isipokuwa wachache wenye kipengele cha kukataa mkatabani. Detroit ilimchagua mwaka 1989, lakini nafasi ya kati walikuwepo nyota Steve Yzerman na Sergei Fedorov. Kijana gani angepata dakika mbele ya hao? Zikafuata Anaheim, Vancouver, Philadelphia, Tampa na nyingine. Mei 2003 mwanawe Cole alizaliwa hapa kwetu Columbus. Julai klabu ya Columbus, aliyokuwa akiichezea, ikampeleka baba Dallas, na siku hiyohiyo Dallas ikampeleka Phoenix. (Cole naye alichaguliwa na Columbus mwaka 2021.)

Watu husema aliyeuzwa mara nyingi hivyo hakuwa na thamani. Mimi nakataa. Kila aliyemwachia, alikuwepo mwingine aliyemhitaji, hadi akafikisha mechi 1,049.

Siri ni kazi aliyoimudu. Mchezo ukisimama, refa hudondosha kile kisahani cha mpira mgumu kati ya wachezaji wawili walioinama, na anayekiwahi huipa timu yake umiliki. Hapo Sillinger alikuwa fundi. Pia aliaminiwa mwenzake anapotolewa dakika mbili kwa kosa na timu kubaki pungufu. Kazi hizo zipo kwa kila kocha, kila mji. Anashuka kwenye ndege mchana, usiku anazifanya. Na hakuchuja: msimu wa 2005-06, akiwa na miaka 34, aligawanyika kati ya St. Louis na Nashville na bado akafunga mabao 32, mengi kuliko msimu wake mwingine wowote.

Basi tafuta ujuzi wako wa namna hiyo. Wangu ni foklifti, ile mashine ya kuinua mizigo, hasa ile ya rafu ndefu. Cheti cha ghala moja hakikuvushi moja kwa moja hadi jingine, kwa sababu sheria inamtaka mwajiri mpya akupime mwenyewe. Lakini mkono uliozoea haupotei, na tangu niushike usukani ule wasimamizi wananiulizia kwa jina. Ukipangiwa kubeba maboksi tu, omba kufundishwa mashine siku ambazo mzigo ni mchache.

Kabla hujaondoka, muombe msimamizi wako barua ya sifa angali anakukumbuka. Mtu akishahama naye, kumpata ni shida.

Kuhusu familia, nasema kwa mkazo: usihamishe nyumba kwa ajili ya mkataba wa miezi michache. Heri wewe uamke alfajiri na kuendesha mbali, watoto wabaki shule moja. Fikiria kuhama tu pale mwajiri mwenyewe, si wakala, atakapokupa ajira ya kudumu kwa maandishi.