Bima ya kupanda Kili, angalia mita kwanza

Dada umeuliza kama bima ya safari iliyokuja na kadi ya benki inatosha kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho. Kabla hujaangalia bei fungua masharti utafute sehemu ya kupanda milima, bima nyingi za kawaida zinaishia mita 3,000 au 4,000 hivi na kilele cha Uhuru ni 5,895, yaani ukianza kutapika na kichwa kinagonga pale kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, bima yako haipo tena. Nakuomba sana hili usilipuuze.

Halafu helikopta. Waulize kampuni ya bima kwa imeili, wajibu kwa maandishi, kama wanalipa kukutoa mlimani kwenyewe na sio ambulensi ya kutoka getini tu, na kama lazima wapigiwe kabla haijaruka, maana kampuni zingine ukiita bila idhini yao hawalipi hata senti, kwa hiyo namba yao ya dharura mpe kiongozi wako wa mlima aisevu kabisa kabla hamjaanza kupanda.

Ile ada ya uokoaji dola 20 unayolipa KINAPA, yaani hifadhi ya Kilimanjaro, ni ya kushushwa na machela, ile ya chuma yenye gurudumu chini, hospitali haimo. Na kama utapitia Zanzibar, ile bima yao ya lazima ya dola 44 ni ya visiwani tu. Una presha au pumu? Waambie kampuni yako ya bima sasa hivi, ukificha ndo wanapokukamatia.