Wiki Moja Kabla ya Hedhi

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ukali ulionipata kila mwezi ndio tabia yangu. Matiti yaliuma, tumbo lilijaa, usingizi ulipotea, na watu wa nyumbani walijua kunipisha. Kilichonifumbua macho ni daftari la mtoto lililobaki na kurasa tupu: kwa miezi miwili niliandika kila jioni nilivyojisikia na nilichokula, nikaona kwamba dalili zilianza siku kama nane kabla ya hedhi na kuisha siku ya pili au ya tatu baada ya damu kuanza. Mwenye dalili zisizopoa mwezi mzima huenda ana tatizo jingine, kwa hivyo anza na daftari kabla hujabadilisha chakula.

Daftari hilo hilo lilinisuta. Siku hizo ndizo nilizonunua chipsi nikitoka kazini, nikaziongezea chumvi, kisha nikanywa chai ya maziwa vikombe vitano. Chumvi nyingi huufanya mwili uhifadhi maji, nayo kafeini ya majani ya chai hufukuza usingizi. Sasa nanywa vikombe viwili, cha mwisho kabla ya saa nane mchana, na sitaficha kwamba wiki ya kwanza kichwa kiliniuma sana.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba wanawake wenye dalili kama hizi waliopewa miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku walipata nafuu ya asilimia 48 kufikia mzunguko wa tatu, ingawa hata waliopewa vidonge visivyo na dawa walipata asilimia 30. Sisi wa Kisumu tuna omena, yaani dagaa wa ziwani, ambao huliwa pamoja na mifupa yao, na mifupa ndiyo yenye kalsiamu. Mimi huwanunua soko la Kibuye, nikawaosha kwa maji moto hadi mchanga uishe, nikawapika kwa nyanya na ndimu ili nisihitaji chumvi nyingi. Asubuhi hunywa uji wa wimbi uliotiwa maziwa mala.

Jioni hutembea nusu saa, hata nikiwa sina hamu.

Vidonge vya vitamini B6, ambavyo wengine humeza kwa ajili ya dalili hizi, usivimeze kiholela, kwa sababu vikizidi kwa muda mrefu huharibu neva. Na ikiwa siku hizo zinakuletea mawazo ya kujidhuru, usingoje omena wafanye kazi: mwone daktari mara moja, ukichukua daftari lako.