Mleta mada, usilipe! Kwanza fumba macho

Kama bado hujalipa, simama hapo hapo. Umesema baba yako haoni tena, mikono inatetemeka, na umeshachagua kumnunulia kile kidude chembamba chenye skrini ya kugusa kwa sababu tangazo linasema "kinacheza vitabu vya sauti". Hicho hicho, au ndugu yake wa tumbo moja, ndicho nilichomnunulia baba mkwe, naye haoni. Nilipigwa changa la macho, na mwenye macho nyumba ile nilikuwa mimi.

Siku ya kumkabidhi nilijiona mkwe wa mfano. Nikaweka kitabu, nikabonyeza, sauti ikatoka, watu makofi. Kosa lilianzia hapo: nilibonyeza mimi. Mzee akasema, "Ahsante mwanangu, kizuri sana." Kila nikipiga simu, "Naam, nasikiliza." Miezi mitatu! Nilipomtembelea nikamuuliza kitabu kimefika wapi. Akaanza kunighania sura ya kwanza, neno kwa neno, mpaka pale msimulizi anapovuta pumzi. Nikacheka, nikidhani ni kipaji. Na sura ya pili, baba? Kimya. Kisha, kwa upole wa mtu asiyetaka kumuumbua mkwewe: "Huko bado hakijanifikisha."

Kumbe kikizimwa hakikumbuki kilipoishia. Mzee husikiliza kitandani, usingizi unamchukua, kidude kinajizima, na kesho yake wanaanza upya. Kuruka mbele ni lazima uguse kioo, na kioo ni kioo, kidole hakioni kitu pale. Nikajifanya fundi, nikabandika kipande cha plasta juu ya alama ya kucheza. Ujinga mtupu. Skrini ikibadilika alama inahama, plasta imebaki pale pale ikilinda hewa. Mjukuu alipomsaidia kusogeza, baada ya faili la 1 likaja la 10, halafu 11, halafu 12, ndipo la 2, kwa sababu kidude kinapanga majina ya mafaili kama maneno, si kama namba. Mzee akauliza kama mwandishi ana akili timamu: mtu amezikwa, halafu anaposa.

Muuzaji nilimuuliza kwa mdomo wangu huu, asiyeona ataweza? "Mkuu, hata mtoto anaweza." Mtoto gani? Mwenye macho! Kwake yeye "kinasapoti vitabu vya sauti" maana yake kinafungua MP3. Kwa hesabu hiyo hata redio ya gari inasapoti. Na yule jamaa wa video niliyemwamini alitumia dakika nzima kusifia kioo kinavyong'aa. Kwa kipofu! (Sawa, niliitazama video yote na sikushtuka. Tuendelee.)

Kwa hiyo: fumba macho. Usichungulie, jifunge kitambaa. Kiwashe, anza kitabu, kizime kabisa, kiwashe tena, endelea pale pale ulipoishia. Ukishindwa, kirudishe dukani. Ukiweza, mpe mzee mwenyewe afanye hivyo hivyo, na wewe ukalie mikono yako usije ukamsaidia.

Kilichopita mtihani huo kwetu ni Victor Reader Stream, kidude cha vitabu vya sauti kilichotengenezwa kwa ajili ya wasioona. Ina vitufe kama vya simu za zamani, na cha 5 kina kinundu ili kidole kijue kilipo. Cha 4 na 6 vinarudi nyuma na kwenda mbele, 2 na 8 vinachagua uruke kwa sura au kwa ukurasa, 5 kinakutajia ulipo. Inasoma DAISY, mfumo wa vitabu vya sauti uliotengenezwa kwa ajili ya wasioweza kusoma maandishi, ambamo mpangilio wa sura umo ndani ya kitabu chenyewe, kwa hiyo hakuna wa kuzikwa kabla ya kuoa. Lakini hata hiyo usinunue kwa maneno yangu tu. Kitambaa kwanza.

Simu? TalkBack (ya Android) na VoiceOver (ya iPhone), zile programu zinazosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini, ni nzuri, najua wasioona wanaozitumia kwa kasi inayoniacha mimi nyuma. Ila ili kufungua kitu unagusa mara mbili haraka, na kidole kinachotetemeka kinagusa mara tano. Mjaribishe, usibishane na mimi.

Uliuliza pia habari za hedifoni na pa kupata vitabu, na lingine nimeshalisahau. Vitabu, anza na maktaba za wasioona, na uwaulize mafaili yao ni ya aina gani kabla ya kununua chochote. Nyingine hufunga vitabu vyao visifunguke ila kwenye vifaa walivyoviidhinisha. Hedifoni wataeleza wengine.

Kile changu cha kwanza kiko kwenye droo, na plasta yake juu. Usije PM kuuliza kama nakiuza.