Mtu mzima wa pili darasani: maswali yenu kutoka materneli za Lubumbashi

Tangu shule zifunguliwe Septemba maswali yamenifikia mengi, mengine kwa ujumbe wa sauti huku watoto wakilia nyuma. Wengi wenu ni wasaidizi katika madarasa ya materneli, yaani chekechea, kuanzia Katuba hadi Ruashi. Mimi mwenyewe nilikuwa msaidizi miaka sita kabla ya kupewa darasa langu.

Mama, nimesoma pedagojia na diploma ya serikali ninayo. Mwaka huu nimepata kazi ya usaidizi kwenye shule moja ya Kenya, komuni ya hapa Lubumbashi. Kutwa nafuta kamasi, napeleka watoto msalani, nafunga viatu, nafagia. Anayefundisha ni Madamu mwenye darasa. Huu ni ualimu, au nimekuwa mtumishi wa ndani?

Mwanangu, uchungu huo naujua, lakini sehemu kubwa ya kazi ulizozitaja ni ualimu wenyewe. Mtoto wa miaka mitatu hajifunzi kuhesabu ubaoni. Anajifunza unapomfunga shati na kusema naye: kifungo kimoja, viwili, vitatu, bado kimoja. Kulia na kushoto anakujua kwenye viatu kabla hajakujua kwenye karatasi. Na mnaporudi kutoka msalani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wako, ndipo anapozungumza. Madamu anasema na watoto wote kwa pamoja. Wewe unasema na mmoja.

Mwaka wangu wa pili kazini tulikuwa na msichana ambaye tangu Septemba hadi Noeli hakutamka neno darasani. Madamu alidhani masikio yake yana shida. Siku moja nilipokuwa namfungia kandambili iliyokatika, akanieleza habari nzima ya kambo yake, yaani bibi yake, anayeuza makala, yaani mkaa: gunia linavyofunguliwa, mafungu yanavyopangwa, nani analipa na nani anakopa. Maneno alikuwa nayo tele, ila alikuwa hajazoea kusema mbele ya watu wengi. Nilimwambia Madamu, tukaanza kumwomba atupangie vikombe vya uji kama kambo anavyopanga makala. Ilipofika Pasaka alikuwa akiwaamrisha wenzake, nasi tukimwomba apunguze sauti.

Kufagia ni jambo jingine. Watoto wakishaondoka, fagieni wote wawili. Lakini ukitumwa kufagia ua wakati somo linaendelea, darasa limebaki na mtu mzima mmoja, na una haki ya kulisema hilo. Usiliseme mbele ya watoto, wala usikimbilie kwa direkta, yaani mkuu wa shule, kwanza. Ngoja mtoto wa mwisho achukuliwe, kisha omba kitu kidogo na cha wazi: "Madamu, niachie hadithi ya Jumatano baada ya mapumziko." Ni dakika 15 tu. Ziandae nyumbani kwa bidii, maana akiona watoto wametulia, wiki inayofuata hutahitaji kuomba. Nunua pia daftari, na kila siku andika mistari miwili juu ya mtoto mmoja: umeona nini, amesema nini. Bulteni, yaani ripoti za watoto, zikianza kuandikwa, Madamu atakuja kuliazima.

Kuna mtoto wa miaka mitatu anayelia kila asubuhi mpaka saa tatu. Mama yake humtoroka akiwa anaangalia pembeni. Nifanye nini?

Kwanza zungumza na mama yake, kwa upole: asitoroke. Mtoto anayetorokewa hujifunza kwamba mama anaweza kupotea wakati wowote, kwa hiyo kesho atamshika zaidi. Amuage kwa maneno yaleyale kila siku, "nitakuja mkishakula," kisha aende bila kurudi nyuma. Wewe mpokee mtoto mkononi mwa mama, usimnyofoe. Mpe kazi papo hapo. Wangu mmoja alikuwa anabeba kopo la vifuniko vya chupa kutoka mlangoni hadi mkekani, na kufikia mkekani machozi yalikuwa yamepungua. Kipande cha kitenge cha mama mfukoni nacho husaidia. Usimwambie "mtoto mkubwa halii", maana miaka mitatu si ukubwa. Akiendelea hivyo wiki nyingi, au akikataa kula, ulizeni nyumbani kama anaumwa au kama kuna jambo limetokea.

Direkta wetu amekataza Kiswahili kabisa. Mtoto akikisema anavishwa kipande cha ubao shingoni. Wazazi nao wanataka Kifaransa, wanasema ndicho wanacholipia. Mimi huwajibu watoto kwa Kiswahili kwa siri. Nakosea?

Hukosei, na inaniuma kwamba unalazimika kujificha. Katiba ya Kongo ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 nayo inazipa lugha za taifa na lugha za mazingira nafasi ya kufundishia, sambamba na Kifaransa. Kwa hiyo anayemjibu mtoto kwa Kiswahili darasani hafanyi jambo la magendo.

Lakini acha sheria kidogo, umtazame mtoto. Ameanguka, goti linatoka damu, anakuja kwako kusema "inaniluma". Ukimwambia arudie kwa Kifaransa kwanza, kesho akiumia hatakuja. Mtoto asiye na neno la kusema anataka kwenda msalani atajikojolea, halafu atachekwa. Na wako ambao hata Kiswahili wanakipata kwetu, kwa sababu nyumbani wanasema Kibemba, Kisanga au Tshiluba. Hao tunawavusha mito miwili kwa mara moja. Ule ubao wa shingoni hauwafundishi Kifaransa hata kidogo, unawafundisha kunyamaza.

Wazazi usiwadharau. Kifaransa ndicho kinachowangoja watoto mbele, na mzazi anajua hivyo kuliko sisi. Waonyeshe kwamba mnakifundisha. Wekeni nyakati zake: salamu za asubuhi, rangi, wimbo mmoja kwa wiki. Hadithi isimulieni kwanza kwa Kiswahili, watoto waielewe na kuicheka, kesho isimulieni hiyohiyo kwa Kifaransa kwa picha zilezile. Maneno mapya yatashika kwa sababu maana tayari wanayo. Mzazi akija, mwambie mtoto amsalimie kwa Kifaransa halafu amsimulie hadithi kwa lugha ya nyumbani. Nimeona baba waliokuja wakali wakasimama mlangoni kusikiliza mpaka mwisho.

Kwa direkta, nenda na Madamu wako, si peke yako. Ombeni jambo moja: ubao ule uondolewe kwa watoto wa materneli.

Mtoto anang'ata wenzake. Wengine wananishauri nimng'ate ili aonje.

Usimng'ate. Mhudumie kwanza aliyeumizwa, mbele ya aliyeng'ata, kisha mwambie kwa maneno machache: "Meno ni ya kula. Umemuumiza." Halafu chunguza saa na mahali. Mara nyingi ni kabla ya chakula, au pale kitu kimoja kinapogombewa na watatu. Kaa karibu naye saa hizo.

Vumbi la Oktoba linatumaliza, na watoto wanakula udongo. Maji ya bomba yanakuja siku moja, yanapotea mbili. Wenzangu wanasema udongo haujawahi kumuua mtoto.

Wa hapa tuuogope. Mji wetu umejengwa kwa shaba, na yaliyotoka ardhini pamoja nayo yamebaki kwenye vumbi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walipima mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: madini ya kobalti yalikuwa juu sana, na watoto walikuwa wamewazidi watu wazima. Sababu inaeleweka. Mtoto anakaa chini, anashika chini, halafu mkono unaenda mdomoni. Kuongezea hayo, kuna minyoo.

Maji kidogo yanatosha yakitumiwa vizuri. Toboa bidoni, yaani dumu, la lita tano, lining'inize kwa kamba, funga kijiti cha kukanyaga ili liiname lenyewe, na sabuni iwe pembeni. Kila mtoto anawe maji yanayotiririka, msitumie beseni moja darasa zima. Hapo ndipo ninapokuwa mkali: kabla ya chakula cha saa nne na baada ya msala, bila kuruka hata mmoja. Sakafu inyunyizieni maji kabla ya kufagia, la sivyo vumbi linahama tu kutoka chini kwenda vifuani. Mkeka upanguseni kwa kitambaa kibichi. Anayekula udongo kila siku, shaurini mama ampeleke kituo cha afya, maana huenda ana upungufu wa damu.

Madamu wangu anatumia fimbo. Mimi ni msaidizi tu, nitasema nini?

Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inataka nidhamu ya shuleni imtendee mtoto kwa utu. Usiianze vita kwa kumsomea, ingawa ujue kwamba iko upande wa mtoto. Anza kwa kufika kabla ya fimbo: mtoto anayehangaika mkalishe karibu nawe, mpe kitu cha kushika, mtoe nje mara moja apumue. Kisha, mkiwa wawili, mwambie Madamu ulichokiona kwa mtoto, bila kumhukumu yeye: "Tangu Jumatatu, ukiinuka anajikunja." Mimi niliwahi kusema hivyo, na Madamu yule alilia. Asiposikia, au mtoto akiwa na alama mwilini, mweleze direkta siku hiyohiyo, ukiwa na daftari lako lenye tarehe. Neno "tu" ulilolitumia juu yako liondoe. Mtoto hana mtu mzima mwingine mle ndani.

Mwaka jana nililipwa miezi saba kati ya kumi. Wanasema wazazi hawakumaliza minervali, yaani karo.

Elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule za msingi za umma, kwa hiyo materneli nyingi bado zinaishi kwa pesa za wazazi, na zikipungua, wa kwanza kukosa ni msaidizi. Hata mimi nimewahi kumaliza mwaka nikidai miezi miwili ambayo haikulipwa kamwe. Dai karatasi: kiasi gani, tarehe gani, na Julai na Agosti itakuwaje. Miezi mitatu unayodai iandikie barua, ubaki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea.

Mimi ni kijana mwanaume, nataka kazi hii. Watanicheka?

Watacheka wiki mbili. Njoo. Unapomsaidia mtoto msalani mlango ubaki wazi na mwenzako awe karibu, kwa usalama wa mtoto na wako, na utaratibu huo uwe wa wasaidizi wote, wanawake kwa wanaume. Siku ya kwanza usikae kwenye kiti. Kaa mkekani na kopo la vifuniko, anza kuvipanga, uwangoje.